Kibodi na Mausi Zisizo na Waya: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina kompyuta. Wengine walipewa na mfadhili, wengine walichanga shilingi kwa shilingi mpaka wakanunua iliyotumika. Daftari la hesabu bado lipo, na ni vizuri liwepo, lakini orodha ya wanachama, michango, mikopo na barua za kupeleka ofisini zinaandikwa kwa kompyuta. Basi kibodi ikiharibika, kazi ya kikundi inasimama.

Hivyo ndivyo ilivyotupata sisi. Kikundi chetu hukutana upande wa Kangemi, lakini wengi wetu tunafanya kazi Loresho: kutunza bustani, kupika, kufua, kulinda lango. Ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Kompyuta ya kikundi inakaa Loresho, katika chumba cha katibu wetu, ambaye ni mtunza bustani huko. Mwenye nyumba alikubali iwekwe hapo kwa sababu ya usalama na stima.

Siku moja herufi A ikakataa kuandika. Wewe jaribu kuandika Kiswahili bila A! Huwezi kuandika mama, baba, wala shamba. Tulijaribu kuisafisha, fundi naye akajaribu, akasema, "Hii imechoka, nunueni nyingine."

Katika mkutano kijana mmoja akasimama. "Tusinunue tena ya waya," akasema. "Siku hizi kuna seti, kibodi na mausi pamoja, hakuna waya hata moja. Nimeziona pale Luthuli Avenue."

Mama mweka hazina akamwuliza, "Mwanangu, na hizo pesa ni za nani?"

"Ni za kikundi, mama."

"Basi kama ni za kikundi, kwanza tuipime. Hapa kuna watu wanaleta shilingi mia moja kwa wiki baada ya kufua siku nzima. Sitatoa pesa yao kwa kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi."

Tukakubaliana tupime kwa wiki nne. Nyumba moja ya jirani hapo Loresho ikatuazima seti yao ya bei ya kadiri. Yule kijana naye akanunua seti ya bei rahisi kwa pesa zake. Haya ndiyo tuliyoyaona na tuliyojifunza, na tunayaandika ili kikundi chako kisianze gizani.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Ndani ya sanduku utakuta vitu vitatu. Kuna kibodi, yaani ile sehemu ya kubonyeza herufi. Kuna mausi, ile ya kushika mkononi na kusukuma mezani. Halafu kuna kipokezi, kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambacho unakichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta. Mara nyingi kipokezi hiki kimefichwa ndani ya tumbo la mausi, pale panapokaa betri. Watu wengi wamerudi dukani kulalamika kwamba hakimo, kumbe kimelala humo.

Mausi ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English. Ilikuwa ya mbao na ilikuwa na waya. Waya ule ulifanana na mkia, ndiyo sababu ikaitwa panya. Hii ya siku hizi ni panya asiye na mkia.

INAFANYAJE KAZI?

Ni kama redio ndogo. Ukibonyeza herufi, kibodi inatuma mawimbi, na kipokezi kinayapokea na kuiambia kompyuta, "Amebonyeza M." Ukiachilia, inatuma tena, "Ameachilia M." Shika maneno haya mawili, kubonyeza na kuachilia, kwa sababu tutayarudia.

Mawimbi hayo ni ya gigahezi 2.4. Barabara hiyo ya hewani ina msongamano. Wi-Fi inapita hapo, Bluetooth inapita hapo, na hata jiko la maikrowevu linamwaga kelele hapo hapo. Tena mawimbi haya hayapendi chuma, maji wala kuta nene za mawe. Sanduku nyingi zimeandikwa mita 10. Mita 10 hizo ni za mahali pasipo na kizuizi.

Kuna aina nyingine inayotumia Bluetooth na haihitaji kipokezi. Hiyo ni nzuri kwa laptopu na simu. Lakini kompyuta nyingi za mezani, hasa zile zilizotumika ng'ambo zikaletwa hapa, hazina Bluetooth ndani. Usinunue kabla hujajua kompyuta yako ina nini.

TULIVYOIPIMA

1. Meza. Mausi ya siku hizi ina kamera ndogo chini yake. Kamera hiyo inapiga picha za meza mara nyingi sana kwa sekunde moja na kuzilinganisha, hivyo inajua umeisukuma upande gani. Juu ya meza ya kioo ilikataa kabisa, kwa sababu kioo kitupu hakina alama ya kupiga picha. Juu ya vitambaa vya kufuma, vile ambavyo sisi akina mama tunatandika kila mahali, ilirukaruka kama panzi. Tulipoweka jalada la daftari chini yake ikatulia. Basi kabla ya kusema mausi ni mbovu, badilisha inachokanyaga.

2. Kuandika. Tulitunga sentensi moja na kila mtu akaiandika mara tatu: "Ng'ombe wa mama amezaa ndama, naye anaomba mkopo wa Sh 4,500." Sentensi hii inajaribu alama ya juu ya ng'ombe, koma, nambari, na herufi A ambayo ndiyo inachoka mapema kwetu sisi waandishi wa Kiswahili. Halafu tukaandika anwani ya barua pepe ili tuone alama ya @ iko wapi. Katika kibodi za mpango wa Uingereza na zile za mpango wa Marekani, @ haikai mahali pamoja. Na kibodi iliyotoka Ujerumani imebadilisha mahali pa Y na Z. Hebu fikiria, "ya" na "za" ziko karibu katika kila mstari wetu!

3. Nambari. Kibodi fupi haina ile sehemu ya nambari upande wa kulia. Ni nyepesi na inapendeza, lakini mweka hazina ataumia. Mama mweka hazina wetu aliandika michango ya watu 32 kwa kibodi yenye sehemu ya nambari, halafu kwa ile fupi. Kwa ile fupi alikosea mara nyingi zaidi na alichelewa. Kama kazi yenu kubwa ni hesabu, sehemu ya nambari si anasa.

4. Umbali. Tulianza mezani, tukarudi nyuma hatua moja moja. Seti ya kuazima iliandika vizuri mpaka mwisho wa chumba. Ile ya bei rahisi, baada ya hatua tano, ilianza kula herufi. "Mkopo" ikawa "mopo". Tulicheka. Lakini wiki ya tatu hatukucheka.

SIFURI MOJA

Wiki ya tatu tulikuwa tunaandika mikopo kwa seti ya bei rahisi. Katibu alikuwa anaandika, mweka hazina anamsomea kutoka daftari. Kazi ikaisha, karatasi ikachapishwa, ikapelekwa mkutanoni.

Mmoja wetu ni mama anayefua nguo katika nyumba tatu za Loresho. Alikuwa amekopa Sh 5,000 kulipia sare na vitabu vya mtoto. Karatasi ilipomfikia aliisoma, akanyamaza. Jirani yake akachungulia. Karatasi ilisema Sh 50,000.

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walidhani amependelewa na kamati, kwa sababu mkopo mkubwa kama huo hatujawahi kumpa mtu. Wengine wakamtazama katibu. Yule mama akasema polepole, "Mimi nilipewa elfu tano. Hamsini ningezipeleka wapi?"

Mama mweka hazina akafungua daftari. Hapo palikuwa na Sh 5,000 kwa kalamu, na sahihi ya mkopaji. Tulisahihisha mbele ya wote. Lakini kama daftari lisingekuwepo, tungekuwa na neno la mtu dhidi ya neno la mashine, na sisi sote tunajua ni nani angeshindwa.

Kosa lilitoka wapi? Turudi kwa yale maneno mawili, kubonyeza na kuachilia. Katibu alibonyeza sifuri ya mwisho na akaiachilia. Lakini habari ya kuachilia haikufika upesi kwa kipokezi. Kompyuta ikafikiri kidole bado kimekaa juu ya sifuri, ikaandika nyingine. Tulijaribu tena mara nyingi, na jambo lile lile likatokea mara kadhaa, sifuri ikajirudia au herufi ikapotea.

Tuliona sababu tatu zimekutana:

(a) Kipokezi kilikuwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza. Sanduku la chuma la kompyuta lilikuwa limesimama kati yake na kibodi.

(b) Kilikuwa kimechomekwa kwenye tundu la USB la rangi ya buluu, na kando yake palikuwa na kifaa cha kuhifadhia kazi. Matundu ya buluu huwa ni ya aina ya USB 3, yaani ya kasi. Kampuni ya Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3 vikifanya kazi hutoa kelele inayoingilia mawimbi ya gigahezi 2.4. Mashine ya Wi-Fi nayo ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo.

(c) Betri za kibodi zilikuwa zinakaribia kuisha.

Tuliweka betri mpya. Tukanunua waya mfupi wa kuongezea USB, tukakitoa kipokezi nyuma na kukiweka juu ya meza, hatua moja kutoka kwa kibodi, mbali na Wi-Fi. Tangu siku hiyo kosa halikutokea tena katika muda wa kupima. Kwa hivyo hatusemi kibodi hizi ni za uongo. Tunasema zina masharti, na masharti hayo hayajaandikwa kwenye sanduku.

KUMBUKA: Kompyuta haijui ukweli, inajua ilichoandikiwa. Hata kwa kibodi ya waya, weka kanuni hii: mmoja anaandika, mwingine anasoma kwa sauti kile kilicho kwenye skrini (si kile kilicho kwenye daftari), na jumla ya skrini ilingane na jumla ya daftari kabla ya kuchapisha.

BETRI

Kibodi ya waya inapata nguvu kutoka kwa kompyuta. Hii isiyo na waya inakula betri, kama zile za rimoti ya televisheni. Mara nyingi kibodi inachukua mbili na mausi moja au mbili. Mausi ndiyo inayokula zaidi, maana kamera yake na taa yake zinafanya kazi kila inaposogea, lakini kibodi inalala mpaka uibonyeze. Watengenezaji wengine huandika miezi 24 kwa kibodi na miezi 12 kwa mausi. Hiyo ni kwa betri nzuri na matumizi ya kadiri. Betri za bei ya chini kabisa hazifiki huko.

Mambo ya kufanya:

- Zima swichi ya chini ukimaliza kazi, kama ipo.
- Kama kompyuta haitatumika kwa miezi, toa betri. Betri iliyosahaulika ndani huvuja na kula vyuma.
- Usichanganye betri mpya na ya zamani.
- Betri za kuchajiwa zinafaa katika seti nyingi, na kwa kikundi zinapunguza gharama baada ya muda.
- Usitupe betri motoni. Zinaweza kulipuka mbele ya watoto.

Kuna seti zenye betri ya ndani ya kuchajiwa kwa waya wa simu. Ni nzuri, lakini uliza: betri hiyo ikizeeka, inaweza kubadilishwa? Kama haiwezi, basi siku betri inapokufa, kibodi nzima imekufa.

KIPOKEZI KIKIPOTEA

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji hawasemi. Kibodi, mausi na kipokezi vimefundishwa kufahamiana kiwandani. Kipokezi cha seti nyingine, hata kama kinafanana, kwa kawaida hakitafanya kazi. Kwa seti nyingi za bei rahisi hakuna kipokezi cha kununua peke yake. Kikipotea, una kibodi ya kuwekea vitabu visipeperuke.

Baadhi ya kampuni zinauza kipokezi cha akiba. Kwa mfano, Logitech ilitoa mwaka 2009 kipokezi kinachoitwa Unifying, ambacho unaweza kukiunganisha upya na vifaa vyake vyenye alama hiyo, na mwaka 2021 ikatoa kingine kinachoitwa Bolt. Hizi mbili hazielewani, kwa hivyo soma alama iliyo kwenye kifaa kabla ya kununua.

Sisi wenyewe tulikipoteza kile cha seti ya bei rahisi kwa siku mbili. Tulipeleka kompyuta kwa fundi mmoja mjini kikiwa kimechomekwa, ikarudi bila hicho. Bahati kilipatikana katika kopo la misumari. Tangu hapo tuna kanuni: kompyuta ikitoka nyumbani, kipokezi kinarudi kwenye tumbo la mausi. Na pale penye watoto wadogo usikiache kikizagaa, ni kidogo cha kumezwa.

SIRI YA KIKUNDI HEWANI

Tulisema kibodi ni kama redio. Sasa jiulize, kama ni redio, je, mtu mwingine anaweza kuisikiliza?

Jibu ni ndiyo, kama haikufungwa. Mwezi wa Julai 2016, watafiti wa kampuni ya usalama ya Marekani, Bastille, walitangaza kwamba kibodi za watengenezaji wanane walizozijaribu zilikuwa zinatuma herufi wazi, bila kuzifumba. Mtu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi, akiwa kama mita 76 mbali, angeweza kuona kila kitu kinachoandikwa, hata nywila. Mwezi wa Februari mwaka huo huo walikuwa wameonyesha udhaifu mwingine. Katika baadhi ya seti, mtu wa mbali aliweza kujifanya ndiye kibodi, akaiandikia kompyuta yako maneno yake mwenyewe. Baada ya hapo kampuni kadhaa zilirekebisha programu za vifaa vyao.

Mita 76 ni umbali gani? Katika nyumba ya Loresho yenye bustani kubwa, zinakutoa mezani mpaka nje ya lango, barabarani. Katika ploti ya Kangemi, zinapita juu ya vyumba vya majirani wengi kweli.

Tusitiane hofu kupita kiasi. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye ujuzi, mwenye kifaa, na mwenye sababu ya kukutafuta wewe. Mara nyingi nywila ya kikundi huibwa kwa njia rahisi zaidi: imeandikwa kwenye karatasi ukutani, au imetajwa kwa sauti. Lakini kikundi kinachoingia benki kwa kompyuta, au kwenye akaunti ya eCitizen au iTax, kina kitu cha kulinda. Kwa hivyo:

- Nunua seti ambayo sanduku lake linasema mawimbi yamefumbwa. Tafuta herufi AES. Kama haisemi lolote, chukulia kwamba haikufumbwa.
- Nywila ya benki na ya kodi iandikwe kwa kibodi ya waya. Ni jambo la dakika moja.
- Nambari ya siri ya M-Pesa ya kikundi haina kazi kwenye kompyuta. Usiiandike humo kabisa.

UKIWA DUKANI

Tulipokwenda mjini na mama mweka hazina kuangalia bei, kijana wa duka alituonyesha sanduku zuri.

"Hii ni orijino, mama."

"Sawa, kijana wangu. Nifungulie nione ikiandika."

"Tukifungua hatuwezi kuiuza tena."

"Na mimi nikinunua bila kuona, siwezi kuirudisha tena. Ukutani umeandika mali ikiuzwa hairudishwi. Sasa nani ana hatari kubwa, wewe au mimi?"

Yule kijana akacheka, akaifungua. Jueni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kadiri, haki ya kupewa habari za kutosha, na haki ya fidia akipata hasara kwa bidhaa mbovu. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Kibandiko cha ukutani hakifuti haki hizo. Lakini bila risiti ni vigumu kuzidai.

Fanya hivi kabla ya kulipa:

1. Tazama stika ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kwenye sanduku.
2. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi. Bandia hupenda kubadilisha herufi moja.
3. Bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, hasa A, sifuri, na kile kirefu cha nafasi.
4. Hakikisha kipokezi kimo, na mfuniko wa betri unafunga.
5. Uliza: kipokezi cha akiba kinauzwa? Garanti ni ya muda gani, na nikija nikute nani?
6. Pata risiti yenye jina la kikundi, jina la bidhaa na tarehe. Iweke kwenye faili siku hiyo hiyo.

HESABU YA KIKUNDI

Bei zinabadilika, kwa hivyo weka bei za dukani kwako. Huu ni mfano tu wa jinsi ya kupiga hesabu ya miaka mitatu.

Seti ya waya: tuseme Sh 1,000. Betri hakuna. Jumla Sh 1,000.

Seti isiyo na waya: tuseme Sh 2,500. Betri mbili za kibodi mara moja kwa mwaka, na moja ya mausi mara mbili kwa mwaka. Hizo ni betri nne. Kama betri moja ni Sh 60, ni Sh 240 kwa mwaka, Sh 720 kwa miaka mitatu. Jumla Sh 3,220.

Tofauti ni Sh 2,220. Kwetu sisi, hiyo ni zaidi ya michango ya wiki moja ya watu 22. Swali si kama kitu ni kizuri. Swali ni kama uzuri wake unafaa michango ya watu 22.

INAMFAA NANI?

Inafaa nyumbani ambako kompyuta imeunganishwa na televisheni na watu wanakaa mbali nayo. Inafaa meza ndogo isiyo na nafasi ya waya. Inamfaa mtu mwenye ulemavu au mzee ambaye anataka kuweka kibodi mapajani. Inafaa kufundishia, maana kibodi inaweza kupitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Haifai sana kompyuta ya ofisi inayokaa mahali pamoja, inayotumiwa na watu wengi, na ambayo kazi yake ni pesa. Hapo waya ni rafiki. Hauishi betri, haupotei, na hausikilizwi na jirani.

Hata ukinunua isiyo na waya, usitupe ile ya waya kama bado nzima. Ifunge kwenye mfuko na kuiweka kabatini. Siku ile betri zimeisha usiku au fundi anataka kutengeneza kompyuta, utaitafuta.

Na ile iliyokufa kabisa isitupwe shimoni. Ina plastiki na vyuma ambavyo havifai shambani. Hapa Nairobi, WEEE Centre hupokea vifaa vya umeme vilivyokufa. Vikundi vya mbali vinaweza kukusanya mpaka vijae gunia, kisha mtu anayekuja mjini abebe.

TULIVYOAMUA

Baada ya wiki nne tulipiga kura. Tulinunua kibodi ya waya yenye sehemu ya nambari, na mausi ya waya. Hizo ndizo za hesabu. Seti ya jirani tulirudisha na asante.

Ile ya kijana haikuwa kazi bure. Alijitolea kuileta siku za mkutano. Tunaunganisha kompyuta na televisheni ya ukumbi, kipokezi kikiwa mbele, na hesabu zinaonekana na kila mtu. Yule mama anayefua nguo alikuwa wa kwanza kuomba apewe ile mausi. Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akaisukuma juu ya jalada la daftari lake mpaka mshale ukafika kwenye mstari wake, akasoma kwa sauti: "Elfu tano. Nimelipa elfu tatu na mia tano. Imebaki elfu moja na mia tano." Watu wakapiga makofi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu inafanya kazi gani hasa? Ni nani anayeitumia zaidi, na ameulizwa anataka nini?
2. Tukikuta kosa kwenye karatasi ya kompyuta, tunarudi kwa ushahidi gani? Je, daftari letu lina sahihi?
3. Nywila za kikundi zinajulikana na nani, na zinaandikwa wapi?
4. Ni kitu gani tulinunua bila kukipima? Tulijifunza nini?
5. Ni nani kati yetu atakwenda dukani, na ni nani atamsindikiza?